Dawa ya Batwa ni Ardhi

Kila uzungumzwapo ufukara wa Batwa wa Kalehe, wenyeji wa asili wa msitu huko Kivu nchini Kongo, aghalabu shauri litolewalo ni moja, nalo ni kuwapelekea dawa, vyandarua na unga wa watoto. Na msafara ukisharudi Bukavu, watu huona faradhi imetimizwa. Sikanushi manufaa ya sadaka hizo, kwani mtoto mwenye malaria hangoji hukumu ya mahakama. Walakini nashikilia ya kuwa maradhi ya jamaa hawa hayakuanza kwa uchache wa dawa, wala hayatakwisha kwa wingi wake.

Yalianza walipopokonywa ardhi. Tarehe 30 Novemba 1970 serikali ilitangaza msitu wa Kahuzi-Biega kuwa hifadhi ya taifa, ikaipanua mwaka 1975 hata ikafikia kilomita za mraba zipatazo 6,000. Na katika miaka hiyo Batwa, waliokuwa wakipata humo riziki yao ya nyama na asali pamoja na mizizi na magome ya tiba, wakatolewa pasipo fidia wala maskani mengine. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika hifadhi hiyo katika urithi wa dunia, gorila wake wakapata walinzi, na waliofukuzwa wakabaki pembezoni mwa msitu, wakikaa kwa hisani ya wenye mashamba.

Katika Kivu, mwenye kalinzi, yaani haki ya ardhi itolewayo na mwami, mtawala wa mila, kwa ng'ombe au mbuzi, huwarithisha wanawe shamba. Asiyekuwa nayo hulima kwa bwasa, akilipa kwa jasho lake katika shamba la mwenyewe, wala hapandi mgomba wala mkahawa, kwa kuwa mmea wa kudumu huleta madai ya kudumu. Mtwa aghalabu hata bwasa haimfikii, hubakia kibarua wa kutwa. Basi mama alipwaye mihogo michache jioni, akiacha kazi ampeleke mtoto kituo cha afya, siku hiyo nyumba nzima hulala njaa, na kituoni ataulizwa ada. Kwa hiyo hungoja, na mtoto hufikishwa akiwa taabani. Kadhalika, ni nani atakayechimba choo au kusimamisha nyumba imara juu ya kiwanja ambacho kesho aweza kuamriwa akihame? Hayo yaitwayo uchafu na uzembe wa Batwa ni busara ya mtu asiye na hakika ya kesho.

Wala hospitali njema peke yake haitoshi. Huko Norway, nchi tajiri isiyopungukiwa na matabibu, uchunguzi uitwao SAMINOR uliona ya kuwa Wasami, wenyeji wa asili wa huko, waliosema wamebaguliwa ndio walioeleza kwa wingi zaidi kuwa afya yao ni dhaifu. Na wafugaji wao wa kulungu wa kaskazini, ili kutetea ardhi yao, walilazimika kufika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2021 ilihukumu kuwa vibali vya mitambo ya upepo katika malisho ya Fosen vilivunja haki yao.

Nasi hatukukosa sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inawaahidi Batwa na wenzao ulinzi wa haki zao, na mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba dola ya Kongo iliwadhulumu Batwa wa Kahuzi-Biega, nayo yapaswa kuwarudishia ardhi yao. Wapo watakaonikumbusha kuwa baada ya baadhi yao kurejea msituni Oktoba 2018, miti ilikatwa na makaa yakachomwa. Ni kweli, na biashara hiyo ilikuwa na matajiri wake wasio Batwa; lakini mtu aliyenyimwa milki kwa nusu karne hawezi kuhesabiwa mharibifu wa kwanza wa mali asiyoruhusiwa kuimiliki.

Utekelezaji wa uamuzi huo ukichelewa, Kalehe isikae kungoja. Tunayo mashamba makubwa ya hati, mabaki ya ukoloni, ambayo mengine wenyewe hawayalimi ilhali jirani zao wana njaa. Serikali ya jimbo na wenye mamlaka ya mila waanze hapo, wakate viwanja, wawape Batwa hati kwa majina yao, wanawake kwa wanaume, bila kuwanyima haki yao ya msituni. Kisha tuwapelekee dawa, nasi tutaona zikifanya kazi.