Kikapu si Mbadala

Tangu Juni 1, 2019, Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kila chombo cha sokoni kisichokuwa cha plastiki kimepewa jina moja: mbadala. Kikapu cha ukili ni mbadala. Mfuko wa katani ni mbadala. Kitambaa kilichoshonwa na fundi wa barazani nacho ni mbadala. Mwenye kazi ya kufasiri hujifunza mapema kuwa hakuna badala pasipo asili. Basi na tuulizane: hapa asili ni ipi? Nailoni iliyotufikia juzi ndiyo mwenye nyumba, na kikapu ndicho kilichoitwa kuziba pengo lake? Anayelikubali neno hilo amekwisha kushindwa kabla hajatoka kwenda sokoni.

Kama kuna mahali ambapo neno hilo ni tusi, basi ni Korogwe. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja aliyoiagiza, iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na kitalu hicho kidogo yakaenea mashamba ya Tanga, na Korogwe ikawa na Ngombezi, Magunga, Magoma, Mwelya na Hale. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Na mashamba yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mengi yakazorota. Karne ilipokwisha, mavuno hayakufika hata tani 30,000. Sisemi kwamba enzi ile ilikuwa pepo. Manamba waliokata majani yale, wakachomwa na miiba yake kwa ujira duni, wasingenisamehe. Nasema tu kwamba plastiki iliyoungana na makosa yetu kuuangusha mkonge ndiyo hiyo hiyo tunayofungia machungwa leo katika stendi ya Korogwe, mwendo mfupi kutoka yanapoanikwa yale makatani.

Na tunayafungiaje, ilhali kuna marufuku? Kwa hila ya jina. Sheria iliruhusu plastiki ya kufungia bidhaa za viwandani, dawa na mazao, na kwa haki, kwani hakuna mwenye akili atakayetaka dawa ya mtoto ifungwe kwa jani la mgomba. Lakini mfuko uliofukuzwa mlango wa mbele ukarudi kwa mlango wa uani, umekatwa vishikio, ukijiita kifungashio. Mwaka 2021 serikali ililazimika kuvipiga vita na vifungashio hivyo. Hata ule mfuko laini wenye sura ya kitambaa, tunaouringia kuwa ndio ukombozi wetu, aghalabu umetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Tumebadilisha vazi, mwili ni ule ule.

Panda Handeni, nchi ya mahindi. Gunia la katani limelipisha gunia la plastiki iliyosukwa, nalo watu wanaliita sandarusi. Wasomaji wa visiwani wanajua sandarusi ilikuwa nini: utomvu wa mti, uliochimbwa ardhini Mrima, ukavushwa hadi Unguja, na kutoka Unguja ukasafiri mpaka Salem, Marekani, kufanywa vanishi. Neno lililokuwa la mti wetu sasa ni la taka. Mshairi asiyeshtushwa na hilo ashtushwe na nini?

Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya bara, yatuhusu nini sisi? Watazame ramani. Mto Pangani unapita Korogwe, unateremka maporomoko ya Hale, unamwaga maji yake baharini, mkabala na visiwa vyetu. Kinachotupwa dirishani mwa basi kikaangukia mferejini, mvua ya masika hukisukuma mtoni, na mto haujui bara wala kisiwa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hii mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Tusijipongeze mno, maana chupa za maji zimejaa fukweni, na nyingi tumezitupa wenyewe.

Wengine watasema plastiki ni rahisi, na mnyonge hana budi. Hoja hii naiheshimu, lakini haijakamilika. Plastiki ni rahisi kwa sababu hakuna anayelipia kuiondoa. Analipa mvuvi anayevua mifuko, analipa mchungaji ambaye mbuzi wake amekufa na nailoni tumboni. Na sheria ikija, mtu aliyekutwa na mfuko mkononi hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000. Kwa fedha hizo angenunua vikapu vya kumtosha miaka.

Kikapu nacho kina lake la kusema:

Kikapu mwaniitani, jina hilo la mbadala?
Nalikuwako nyumbani, nikachukua chakula;
Nailoni yu mgeni, kaja juzi na kulala;
Mimi ndimi wa zamani, yeye ndiye wa badala.

Tufanye nini? Yale tuliyoyajua. Aendaye sokoni atoke na kikapu, na aendaye kununua maziwa atoke na chombo chake. Soda ya chupa ya kioo ilikuwa hainunuliwi bila kurudisha chupa au kuiwekea rehani. Utaratibu huo urudi, na wenye viwanda vya chupa za plastiki walazimishwe kuzinunua tena. Halua ya Pemba imefungwa kwa ukili miaka na miaka, wala haijapungua utamu. Halmashauri za Korogwe na Handeni ziagize magunia na mifuko ya masoko yao kwa wakulima wadogo wa mkonge wa pale pale, kwani singa nyingi bado zinasafirishwa ghafi hadi China, nasi tunabaki kuagiza plastiki. Kiwandani, jani la mkonge hutoa singa asilimia 4 hivi. Lililobaki huitwa taka, lakini Hale ulijengwa mtambo wa kuigeuza taka hiyo kuwa umeme. Watu wenye uwezo huo hawawezi kushindwa na kusuka mfuko.

Nasi tunaoishi kwa maneno tuna wajibu wetu. Pakacha, kanda, tenga, jamanda, kikapu, gunia: kila jina hapo ni chombo, na kila chombo kina mikono iliyokisuka. Chombo kikiachwa, jina huwa pambo la beti tu, na fundi wake hafi njaa kwa ajili ya kukosa sifa bali kwa kukosa mnunuzi. Tumnunulie. Na anayeuza nailoni ndiye atafutiwe jina jipya. Kikapu kinalo lake.