TULIMWITA MVIVU BURE

Mwaka jana chama chetu kiliamua kuweka hadithi na insha za wanachama katika hifadhidata ya kompyuta, maana madaftari yalikuwa yakiliwa na mchwa. Wazo zuri ajabu! Kumbe tulikuwa tunajichimbia shimo.

Siku moja hadithi ya mwenzetu ilitokea kwenye skrini bila mkia. Mhusika ameinua mguu avuke mto, basi, kwisha. Lo! Wengine wakasema mwandishi ni mvivu, hakumaliza. Wengine wakamsuta aliyechapa, eti alikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Mimi nasema tulikosea kuwalaumu watu kabla ya kupima.

Tulipopima, tuliona ajabu. Insha za maneno 400 hivi zilikuwa salama salimini. Zile ndefu zote zilikatika pahali pamoja, herufi ya 4,096, hata iwe katikati ya neno. Jamani, ni mchapaji gani anayechoka kwa hesabu kamili namna hiyo? Tukaiuliza hifadhidata yenyewe ihesabu urefu wa ile hadithi, ikajibu 7,312. Mzigo ulikuwa mzima ghalani! Aliyeupunguza ni dereva. Simsemi yule wa matatu. Hii ni programu inayobeba maandishi kutoka hifadhidata hadi kwenye ukurasa tunaosoma. Ukurasa wetu uliandikwa kwa PHP ukipitia ODBC, na huko kuna kipimo kiitwacho odbc.defaultlrl. Kikiachwa kilivyokuja, huruhusu baiti 4,096 tu za maandishi marefu. Tulikiongeza, mkia ukarudi.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. La! Kabla hatujagundua, mhariri wetu alikuwa amefungua hadithi nyingine tatu, akasahihisha koma mbili tatu, akahifadhi. Kipande kilichokatwa kikaandikwa juu ya hadithi nzima. Moja tuliipata katika daftari lililosazwa na mchwa. Mbili, wapi!

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ati mtambo haukosei. Mtambo unaokata maneno ya mtu kimya kimya ni hatari kuliko unaokataa na kupiga kelele. Heri MySQL: tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa katakata kuhifadhi maandishi yanayozidi nafasi yake. Zamani ilikuwa ikiyakata na kutoa onyo tu, na maonyo nani huyasoma?

Nawaomba viongozi wa chama: kila hadithi iwekwe pamoja na hesabu ya herufi zake, na hesabu hiyo ilinganishwe kabla mtu hajagusa hata koma. Isitoshe, yule mwenzetu tuliyemwita mvivu hajaombwa radhi mpaka leo. Naomba jambo hilo liwe la kwanza katika ajenda ya muhula ujao.

Na Katibu Msaidizi, Kidato cha Nne