Tiara Haikushindwa na Upepo

Nimechoka na kicheko fulani. Nikitaja meli za mizigo zinazovutwa na tiara, lazima mtu acheke, kisha mwingine aliyesoma kidogo adakie: "Hilo si lilijaribiwa Ujerumani likafeli?" Anayecheka namsamehe. Ninayegombana naye ni huyu wa pili, kwa sababu neno lake "likafeli" linaficha mtu.

Lilijaribiwa, kweli. Januari 2008 meli ya mizigo MS Beluga SkySails, yenye urefu wa mita 132, ilitoka Ujerumani kwenda Venezuela ikiwa na tiara ya mita za mraba 160 iliyofungwa omo. Injini yake ilibaki palepale. Upepo ukiwa mzuri, tiara inarushwa juu zaidi ya mita mia moja na kompyuta inaiongoza. Upepo ukigeuka, inashushwa na kukunjwa. SkySails, kampuni ya Hamburg iliyoitengeneza, ilizungumzia kupunguza mafuta kwa asilimia 10 hadi 35. Mimi takwimu za muuzaji huzikata nusu kabla sijaanza hesabu. Lakini hata nusu ya asilimia 10, kwa chombo kinachochoma tani kwa tani za mafuta mazito kila siku, si jambo la kuchekwa.

Na fizikia yake haina uchawi. Aliyewahi kurusha tiara ya gazeti na njiti za makuti anaijua kwenye vidole. Ikitulia angani, uzi unavuta kidogo. Ikianza kuukata upepo kwa ubavu, kushoto na kulia, uzi unakaza ghafla mpaka unachana ngozi. Mwaka 1980 mhandisi Mmarekani, Miles Loyd, alichapisha hesabu za jambo hilohilo: kinachoruka kwa kuukatiza upepo huvuna nguvu nyingi kuliko kilichosimama. Ndiyo maana tiara ya meli haitulii; inachora namba nane angani saa zote. Tena huko juu upepo ni mkali kuliko wa sitahani, na tiara haihitaji mlingoti wa kuzuia kreni bandarini.

Wapo wanaosema tunataka kuwarudisha watu enzi za jahazi. Jahazi lilingoja kaskazi ianze na kusi igeuke. Meli ya tiara haingoji chochote. Inakwenda na injini yake, ikipata upepo inapumzisha mashine kidogo. Basi.

Kilichotokea ni hiki. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 140. Kabla mwaka haujaisha lilishuka chini ya dola 40, na biashara ya dunia ikaanguka pamoja nalo. Meli zikakosa mizigo. Mwaka 2011 Beluga yenyewe ikafilisika. Hapo upepo wa Atlantiki ulikuwa umepungua kwa kiasi gani? Haukupungua hata kidogo.

Lakini hata mafuta yakipanda tena kuna fundo baya zaidi, nalo limo kwenye mkataba. Meli inapokodishwa kwa muda, mwenye meli hugharimia chombo na vifaa vyake, ila mafuta hulipwa na aliyeikodi. Yule wa kununua tiara siye atakayeokoa pesa. Wapangaji wenzangu mnaielewa hii bila mchoro: mwenye nyumba hafungi sola paani wakati anayenunua umeme wa luku ni wewe. Kisha aliyeikodi naye huuhamishia mzigo ule kwenye nauli ya makontena, mpaka unamfikia muuza mitumba wa Gikomba au Manzese ambaye hajawahi kuulizwa lolote kuhusu tiara.

Nina neno pia kwa watu wa upande wangu. Tumependa mno vitu vya kung'aa. Makani, kampuni iliyonunuliwa na Google mwaka 2013, ilitengeneza bawa la mita 26 lenye rafadha nane, la kufua umeme likiwa angani na kuushusha kwa kebo. Mwaka 2019 lilirushwa baharini Norwei. Mwaka uliofuata fedha zikasitishwa. Ule ulikuwa uhandisi mzuri, ila ukitaka kusukuma meli, kwa nini ugeuze upepo kuwa umeme, umeme uwe mzunguko wa rafadha, na kila hatua ipoteze kitu njiani? Kamba inavuta moja kwa moja. Kila bawa la aina hiyo linapofungiwa stoo, yule wa "likafeli" anapata mfano mwingine wa kutupiga nao, na tiara ya kawaida inahukumiwa kwa kesi isiyo yake.

Dawa ya fundo la mkataba inajulikana: moshi uwe na bei, ili kila anayegusa meli aone hasara ya kutotumia upepo. Aprili 2025 shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, IMO, liliidhinisha rasimu ya kanuni za namna hiyo. Oktoba, nchi wanachama zilikutana London kuzipitisha. Wengi wakapiga kura ya kuahirisha kwa mwaka mmoja. Usafiri wa meli unatoa karibu asilimia 3 ya hewa chafu inayopasha joto dunia, na ukumbi mzima ulilijua hilo. Hawakuahirisha kwa sababu ya tiara iliyoanguka. Waliahirisha kwa sababu kuna watu wanaouza mafuta, na watu hao walikuwa na viti humo ndani.