Krismasi Yangu Iko Ndani ya Gorogoro na Haina Theluji

Wasee, mwezi huu nimekataa elfu 15, na bado nina deni la rangi kwa duka la vifaa vya ujenzi. Kwa hivyo leo niacheni niongee.

Mnajua zile jikoni ndogo za Krismasi ambazo watu hutengeneza ndani ya mikebe na chupa. Ingia TikTok Desemba, utaziona mia moja, na zote ni moja. Dirisha lina theluji. Ukutani kuna moto wa kuni na dohani, soksi zimening'inia hapo juu. Mezani kuna bata mzinga na biskuti zenye umbo la mtu. Kazi safi, sikatai. Lakini nikiona Mkenya mwenzangu, tena wa Mombasa, feni inamzungukia kichwani mchana kutwa, amekaa wiki mbili akibandika theluji kwa dirisha la sentimita nne, mimi huuliza: huyu anakumbuka Krismasi ya nani?

Mimi nilitumia gorogoro. Kwa nyinyi mliozaliwa supamaketi, gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili ambao mama wa sokoni hupimia mahindi na maharagwe. Wangu una upana wa sentimita 15. Sasa, wengi wanaofanya hivi vitu vidogo hutumia kipimo cha 1 kwa 12: sentimita moja ndani ni sentimita 12 za ukweli. Piga hesabu. 15 mara 12 ni 180. Mita 1.8! Hiyo ndiyo jikoni niliyolelewa nayo, ukuta hadi ukuta. Sikupunguza kitu ili ienee. Iliingia vile ilivyo.

Nilikata ubavu wa mkebe kwa mkasi wa mabati, nikakunja kingo ndani kwa sababu hiyo bati hukata vidole bila kuuliza. Kisoda cha soda kina karibu sentimita 3, kwa hivyo ukikinyoosha kingo unapata sufuria ya sentimita 36, ile ya pilau ya wageni. Chapo ni unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja, halafu unakata viduara vya sentimita 2. Yale madoadoa ya kahawia ni majani ya chai yaliyochemka sana, nilichovya kijiti cha meno nikagusa moja moja. Chapo 31. Macho yalikaribia kutoka. Makaa ni makaa tu, nilisaga ya ukweli. Na jiko nililiweka mlangoni, kwa sababu mtu mwenye akili hafungi mlango makaa yakiwaka. Ile gesi haina harufu, na inaua.

Duka moja la zawadi likaiona, likataka 6, kila moja 2,500. Nikaanza kujiita msanii. Halafu simu ikapigwa. Ni poa sana, wakasema, lakini toa hilo jiko uweke dohani. Toa masizi ukutani. Toa huyo mama. Weka theluji kidogo. Wateja wetu hawawezi kununua umaskini wakati wa sikukuu.

Umaskini. Hebu tukae hapo kidogo.

Hao wateja Desemba wanaenda wapi? Nauli ya ushago inapanda hadi mara mbili, na bado watu wanavutana mashati stejini kugombania kiti. Wanakimbilia nini? Dohani? Wanakimbilia jikoni yenye masizi. Hata walio na oveni, siku ya chapo 80 ikifika, majiko yanatolewa nje, kwa sababu mbuzi mzima haingii kwa oveni ya ghorofani. Mtu anakula hapo siku nne, anabebeshwa kuku wa kurudi naye, akifika Nairobi hiyo jikoni inakuwa kitu cha kuaibisha juu ya kabati. Kula ule, kuangalia uone aibu?

Na msinielewe vibaya, sina shida na kuazima. Chapati yenyewe ilitoka India, na leo mwambie Mkenya Krismasi haina chapo uone vita. Lile jiko la bati lenye kiuno chembamba na udongo ndani lilianza kutengenezwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazo lake lilitoka kwa jiko la Thailand. Mafundi wa jua kali walilichukua wakalifanya letu. Hata kwetu tulikuwa tukikata tawi la saiprasi na kulirushia pamba. Lakini ilikuwa pamba ya vidonda, na kila mtu kwa nyumba alijua ni pamba. Theluji ya Kenya iko juu ya Mlima Kenya, na hata hiyo inaisha.

Kinachonichoma ni kwamba hao tunaoiga hawakuiga mtu. Ujerumani kulikuwa na jikoni ndogo za kuchezea zinazoitwa za Nuremberg, na familia nyingi zilizitoa kabatini wakati wa Krismasi tu. Ndani kulikuwa na nini? Sufuria za Wajerumani. Napoli, Italia, ndio walizidi. Hasa katika karne ya 18, mafundi wa huko walitengeneza mandhari ya Yesu akizaliwa, na kando ya hori wakaweka muuza samaki, mchinjaji, mwenye hoteli, jibini, mikate, yaani mtaa wao mzima. Bethlehemu ikageuka Napoli na hakuna aliyeona haya. Kuna barabara huko, San Gregorio Armeno, ambayo inajulikana kwa hiyo kazi hadi leo. Sisi tukipewa mkebe tunaweka Ulaya.

Lakini kuliko theluji, kuna kitu kinanikera zaidi. Angalieni tena zile jikoni za vidio. Nyama imeiva, meza imepangwa, na hakuna mtu. Nani alipika? Kwetu mathe huamka saa kumi usiku, anakanda unga hadi mabega yanalia. Picha ya familia ikipigwa saa tisa mchana, yeye hayumo. Anasikika tu huko nyuma akiuliza nani amechukua mwiko. Ndiyo maana niliposikia "toa huyo mama" nilikata simu. Ningeweza kuvumilia dohani, manze, elfu 15 ni doh. Lakini mkebe mzima wa chakula halafu unamtoa aliyekipika?

Basi yumo. Ana sentimita 10 akiwa ameketi kwa kigoda, leso kiunoni, mti wa kusukumia mkononi. Gorogoro iko juu ya stendi ya TV, na mathe mwenyewe aliichukua jana, akaizungusha akichungulia kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Akasema chapo zangu ni duara sana, hakuna mtu husukuma hivyo. Akasema jiko liko mkono usiofaa.

Halafu akauliza, "Na wewe uko wapi hapa?"

Nikamwambia nilikuwa nje, nikingoja kuitwa.

"Najua," akasema, akairudisha mahali pake.

Kwa hivyo wiki hii natengeneza kijana wa udongo. Nilitaka asimame, lakini miguu inavunjika kila ikikauka, kwa hivyo nimemketisha karibu na mlango na sinia ya vitunguu. Kisu chake bado sijajua nitakitoa wapi. Mwenye wembe wa zamani aniambie.