Maghorofa ya Dar na ghala la Songea

MFANYABIASHARA wa Mjimwema, Manispaa ya Songea, anayepanda basi alfajiri kufuata mzigo Kariakoo, hufika Dar es Salaam usiku. Kesho yake akipita Posta kuelekea Kivukoni, anakutana na maghorofa ambayo miaka 30 iliyopita hayakuwepo. Minara pacha ya PSPF na jengo la Mamlaka ya Bandari, yote yaliyokamilika katika muongo wa 2010, yana kimo cha mita zipatazo 150.

Wengi huyatazama, wakasema mji umekua, wakaendelea na safari. Lakini yapo maswali ya kujiuliza. Fedha hizo zilitoka wapi? Nani anazirudisha? Na yanamhusu nini mtu aliyeacha magunia ya mahindi nyumbani?

Fedha za nani?

Sehemu kubwa ya majengo makubwa ya katikati ya jiji ilijengwa au kununuliwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani PSPF, PPF na NSSF. Fedha hizo ni makato ya mishahara. Mwalimu anayefundisha Songea na muuguzi wa hospitali ya mkoa wamo ndani ya zege hilo, hata kama hawajawahi kuliona.

Mfuko hauwezi kuzifungia fedha kabatini, kwa sababu unatakiwa kumlipa mstaafu miaka 20 au 30 ijayo. Ghorofa lina hati, linakodishwa na linauzika. Benki nazo hufikiri hivyo hivyo. Ndiyo maana kiwanja cha Kariakoo kinapata mkopo haraka, wakati shamba la ekari kumi la mahindi linaulizwa maswali mengi. Kwa miaka mingi mikopo ya kilimo haikufika asilimia 10 ya mikopo yote ya benki, ingawa kilimo ndicho kinachoajiri Watanzania wengi zaidi.

Kodi inavyosafiri

Mwenye ghorofa hurudisha fedha zake kwa kodi. Kariakoo, nyumba za Kiswahili za chini zimebomolewa moja baada ya nyingine na kupisha maghorofa yenye fremu za maduka. Mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mara nyingine kilemba juu yake.

Chukulia fremu inayolipiwa sh 1,000,000 kwa mwezi, na mwenye duka anauza jozi 500 za viatu. Kila jozi imebeba sh 2,000 za kodi kabla ya nauli ya mzigo hadi Songea. Anayelipa mwishoni ni mkulima anayemnunulia mtoto viatu vya shule.

Ni kweli kwamba Ruvuma nayo inayauzia maghorofa hayo. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, yamekuwa yakichomwa katika tanuri za viwanda vya saruji. Misitu ya Wino na Madaba inatoa mbao. Tatizo ni kwamba mkoa unauza malighafi, na faida kubwa inabaki kwa anayeikamilisha kazi.

Ghorofa nalo hupata hasara

Isidhaniwe kwamba zege halina hatari. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kasi, na ofisi nyingi za Dar es Salaam zikapoteza wapangaji. Ghorofa lisilo na mpangaji halilipi pensheni ya mtu.

Kuanzia mwaka huo mifuko ilitakiwa kuelekeza fedha viwandani. NSSF iliingia katika kiwanda cha sukari cha Mkulazi, Mbigiri mkoani Morogoro, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua Agosti 2024. Mkulima wa miwa wa jirani sasa ana mnunuzi. Fedha zilezile za makato, zikiwekwa kwenye kinu, zimeleta soko la zao.

Songea idai nini?

Kinachokosekana kwa mahindi ya Songea ni kile ambacho ghorofa linacho, yaani karatasi inayoaminika na mapato yanayotabirika. Ufuta, soya na mbaazi za Ruvuma tayari zinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na vyama vya msingi vina uzoefu huo. Mahindi mengi bado yanapimwa kwa debe au lumbesa shambani, mwezi Julai, wakati kila mtu anauza.

Chukulia tofauti ya sh 200 kwa kilo kati ya Julai na Januari. Gunia la kilo 100 linaongeza sh 20,000, kabla ya kutoa gharama za dawa na ghala. Hata hivyo, bei haipandi kila mwaka. Mwaka 2017, baada ya mahindi kuzuiwa kwenda nje, waliohifadhi wakitarajia bei nzuri waliumia. Kwa hiyo ghala pekee halitoshi. Linahitaji mkataba na msagishaji au mnunuzi kabla ya mavuno.

Mlango wa kuanzia upo. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ipo tangu 2015, na mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Chama cha msingi chenye hesabu zilizokaguliwa, ghala lenye leseni na mkataba wa mnunuzi kinaweza kukaa meza moja na mwenye kiwanja cha Kariakoo. Kisicho na hesabu kitaendelea kusimuliwa habari za maghorofa.

Mkutano mkuu wa chama ukifika, wanachama waulize hesabu kabla ya kuuliza posho.