Shogi la Pikipiki: Lifungwe, Lakini Lifunguke



Ukifika msimu wa karafuu, khabari zinazoletwa afisini kwetu huwa ni zile zile za kila mwaka: mvua imezikuta karafuu majamvini, wachumaji ni haba, mzigo umerudishwa kituoni kwa kuwa haujakauka sawasawa. Siku hizi imezidi khabari moja ambayo zamani haikuwako, nayo ni ya mashogi ya pikipiki kuibwa pamoja na kilichomo ndani. Twapenda kusema machache juu ya jambo hili, na baadhi ya tutakayoyasema hayatawapendeza wote.

Vijana huyaita mabegi ya pembeni. Sisi twasema shogi, kwani kazi yake ni ile ile ya shogi la punda waliloshona wazee wetu kwa miyaa: mifuko miwili iliyoungana, mmoja huku na mmoja huku, uzito ukalingana. Tofauti ni kuwa punda alikuwa na mchungaji wake, na mgeni akimshika hakukubali kirahisi. Pikipiki husimama kimya, na kila apitaye aweza kutia mkono.

Na wala wizi huu hautendeki usiku wa manane. Hutendeka mchana, pikipiki ikiwa imeegeshwa nje ya msikiti wakati wa adhuhuri, au mbele ya duka, au pale pale kituoni mwenyewe akiwa ameingia kuuliza zamu yake ya mizani. Shogi limefungwa kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu. Mpira huo hukatwa kwa wembe, au hufunguliwa kwa vidole tu, na muda wa rakaa mbili kwa mwizi ni mwingi mno. Tukumbuke kuwa karafuu mbichi kilo 3 hivi ndizo zinazotoa kilo 1 iliyokauka. Basi anayeiba shogi la karafuu kavu haibi mzigo wa siku ile peke yake. Ameiba na ujira wa mchumaji, na siku za kuanika, na za kukimbizana na mawingu.

Wako wanachama waliokasirika, wakaenda kwa fundi wakalikaza shogi kwa bolti na nati lisitoke kabisa. Twawafahamu hasira zao, lakini hatuwaungi mkono. Shogi lisilotoka humlazimisha mtu achote karafuu kwa mikono mbele ya mizani, nyingine zimwagike mchangani. Usiku hulala nje pamoja na pikipiki, likapata umande. Na kwa kuwa halitoki, kila asimamapo mwenyewe huacha kitu ndani, na mwizi akiona turubai limetuna hana haja ya kulichukua shogi. Hulipasua kwa kisu akachukua cha ndani. Wengine nao wamefunga minyororo na makufuli matatu manne, kila moja na ufunguo wake. Hao tumewaona kwa macho yetu: wiki ya kwanza hufunga yote, wiki ya pili hufunga moja, wiki ya tatu mnyororo unaning'inia tu. Kufuli lenye kumchosha mwenyewe ndilo litakaloachwa wazi.

Tunaloliona sisi kuwa ndilo jema ni hili. Keria ya chuma ikazwe kwenye pikipiki moja kwa moja, hiyo isitoke. Kila upande wa keria fundi wa kuchomelea atie masikio mawili ya chuma. Shogi nalo lishonwe pete nene za chuma mgongoni, kwa mshipi mpana unaozunguka mpaka chini ya mfuko, si kwa kipande kidogo cha kitambaa, maana pete iliyoshonwa vibaya hung'oka kwa mkono na kufuli likabaki linalinda hewa. Kisha upitishwe ufito wa chuma laini, unene wa milimita 10 au 12, katika masikio na katika pete kwa pamoja. Upande mmoja ufito uwe umepindwa usiweze kupita. Upande wa pili utobolewe kitundu cha kutia kufuli. Ukitaka kulitoa shogi, wafungua kufuli, wavuta ufito, wabeba mzigo wako mpaka mizanini au chumbani. Kwa kuwa mifuko ni miwili, nunueni makufuli mawili yanayofunguka kwa ufunguo mmoja. Yapo madukani ukiuliza. Gharama ya yote haipiti thamani ya kilo chache za karafuu kavu.

Kufuli liwe la shaba nyeupe au nyekundu, lisiwe la bati lililopakwa rangi, kwani hewa yetu ya bahari hula chuma upesi. Liwe na shingo fupi na nene, asipate mtu pa kupitisha mtaimbo. Tundu la ufunguo litazame chini lisinywe mvua. Litiwe mafuta ya cherehani, si ya nazi. Ya nazi hugandana na vumbi, na siku ya haja ufunguo hauzunguki. Yale makufuli ya nambari tatu hatuyapendi. Nambari zote kuanzia 000 hadi 999 ni 1000 tu, na mengi ya rahisi humwambia mwizi kwa vidole mahali penyewe.

Ufito huu huzuia shogi kuchukuliwa zima zima. Hauzuii kisu. Mwenye kuweza na ashone wavu wa waya mwembamba baina ya turubai na bitana, na kifuniko kiwe na kijikufuli chake. Asiyeweza, basi atie karafuu katika gunia dogo ndani ya shogi, ili akisimama mahali asipopaamini ainue gunia aende nalo. Ama fedha za mauzo, hizo hazina mahali katika shogi, lifungwe vipi. Na upande wa bomba la moshi shogi likae mbali na bomba, kwani turubai huungua kabla hujasikia harufu, na harufu ya karafuu, kama mjuavyo, huficha nyingine zote.

Sasa tuje kwenye lile linalotuletea ugomvi. Msimu uliopita wanachama wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimkata kijana wa pikipiki ujira wake kwa sababu shogi limeibwa njiani. Mmoja alimkata wa safari zote za wiki. Shogi lilikuwa la mwanachama, na mipira ilikuwa ya mwanachama. Kijana aliingia kuswali, akatoka akakuta keria tupu. Sisi twaona hapo amedhulumiwa. Amana ina pande mbili: anayeitoa naye huitoa katika hali ya kuwekeka. Ukimpa mtu mzigo uliofungwa kwa tyubu, umempa na hatari yake. Ama ukimpa shogi lenye ufito na kufuli na ufunguo mkononi, naye akaacha wazi kwa uvivu, hapo pana neno la kumwambia, na neno hilo lisemwe mbele ya kamati, si shambani kwa sauti kubwa mbele ya wachumaji. Tumeambiwa kuwa tunawatetea watoto wa watu dhidi ya wanachama wetu. Walakini vijana hao wakikataa kutuchukulia, karafuu zetu zitafika vituoni kwa miguu ya nani?

Kwa hiyo twaleta shauri mbele yenu: chama kichague kipimo kimoja cha keria na ufito, tumpe kazi fundi mmoja kwa jumla kabla ya wachumaji kupanda mikarafuuni, na kila mwanachama alipe kidogo kidogo akatwe wakati wa mauzo. Kipimo kikiwa kimoja, shogi la huyu litaingia katika pikipiki ya yule, na kijana akiharibikiwa njiani mzigo utahamishwa bila ya kufunguliwa.

Mwenye pikipiki na apime upana wa keria yake kwa sentimita, aandike na aina ya pikipiki, alete karatasi afisini kabla ya mkutano ujao. Mwenye shogi kuukuu la miyaa na alilete pia. Fundi ameomba kuona lilivyoshonwa pale katikati.

Katibu