Mwacheni Mama na Redio Yake



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu yuko mama au nyanya ambaye macho yamepungua nuru, miguu haimfikishi mbali, na starehe zilizombakia ni tasbihi, kikombe cha kahawa na nyimbo za zamani. Aghalabu nyimbo hizo ni za Umm Kulthum wa Misri. Na aghalabu yuko katika nyumba hiyo hiyo kijana mwenye bidii ya dini ambaye, akizisikia tu, huenda akaizima redio, asiseme neno, kisha akaona ametimiza wajibu wake. Leo nazungumza na kijana huyo, na mama zetu na dada zetu wawe mashahidi.

Kwanza, amjue huyo anayemnyamazisha. Umm Kulthum alizaliwa kijijini katika mkoa wa Daqahliya, kaskazini mwa Misri, na babake alikuwa imamu wa msikiti. Alisomeshwa Qur'ani tangu utotoni. Babake alikuwa akifuatana naye kwenda kusoma kasida katika sherehe za vijijini, naye akimvisha nguo za kiume kwa kuona haya binti yake asimame mbele za watu. Usomi ule wa chuoni haukumtoka ulimini: kila herufi aliitoa mahali pake, na ndiyo maana hata asiyejua maana aliweza kuyafuata maneno. Redio ya taifa ya Misri ilipoanzishwa mwaka 1934, alikuwa miongoni mwa walioimba humo mwanzoni. Kisha kwa miaka mingi, katika msimu wa maonyesho yake, tamasha lake lilirushwa kutoka Cairo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Wimbo mmoja uliweza kupita saa nzima. Mwaka 1946 aliimba kasida za mshairi Ahmad Shawqi, zikiwemo za kumsifu Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Alifariki Februari 1975, na umati uliojitokeza kumzika ulizijaza njia za Cairo.

Huku kwetu Alhamisi usiku ndio usiku wa Ijumaa. Waliojaaliwa redio ya mawimbi mafupi waliitega Cairo, na majirani wakaja. Hata mafundi wa taarabu wa Unguja na Mombasa walijifunza mengi kutoka Misri, katika udi, fidla na kanuni.

Marehemu shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mmoja wa wasikilizaji hao. Hakujua Kiarabu zaidi ya kile cha msahafu na cha sala. Siku moja, katika uzee wake, kanda yake ilikuwa ikilia, nami nikamuuliza anasikia nini humo. Habari za wimbo hakunieleza hata kidogo. Alinieleza nani alikaa wapi. Babake alikuwa barazani na wenzake. Redio iliwekwa dirishani ili wa nje na wa ndani wote wasikie. Mamake alikuwa ndani na wanawake wa mtaa, kila mmoja akishona kofia ya vito, kwa kuwa kofia hizo ndizo zilizonunua mchele. Adhana ya Isha ikisikika, mkono wa babu ulikuwa wa kwanza kuifunga redio, na hakuna aliyeifungua mpaka watu wamekwisha kusali.

Kisha akataja jina ambalo sikuwahi kulisikia. Lilikuwa la mdogo wake, aliyefariki katika uzazi akiwa bado msichana, wakati baba yangu ni mtoto mchanga. Alikuwa akiwashinda wote kwa ushonaji, na wimbo ukimkolea, huisimamisha sindano hewani. Mama yao hakuweza kustahimili kulisikia jina lile, basi watu wa nyumbani wakaacha kulitaja, nasi tukakua bila kujua kwamba tulikuwa na shangazi mwingine. Tangu siku ile jina lake limo katika hitima zetu. Shangazi mkubwa naye ametangulia mbele ya haki. Lau kanda ile ingalizimwa siku hiyo, simjui ambaye angalituambia.

Najua kijana atasema, "Lakini sheikh, muziki una hukumu yake." Ni kweli, na safu hii si ya fatwa. Wengi katika wanazuoni wa madhehebu manne wamezikataza ala nyingi. Ibn Hazm wa Andalus hakuona hivyo. Na Imam Ghazali, katika Ihya yake, aliliandikia suala la kusikiliza kitabu kizima, akipambanua hali kwa hali. Shika uliyofundishwa, mwanangu. Lakini heshima kwa wazazi haina hitilafu baina yao. Suratul Israai imetukataza hata neno dogo la kuwachoka wazazi wanapofikia uzee kwetu. Basi mkono unaozima redio mbele ya uso wa mama mzee, bila ya idhini wala salamu, umechukua dalili gani?

Ikiwa una nasaha, itoe kwa adabu, baada ya kumbusu mkono. Na kabla ya nasaha, kaa. Muulize: Mama, ulikuwa na nani siku zile? Nani alikuwa na redio? Nani alikuwa akilia? Huenda ukakuta kwamba yule unayedhani anasikiliza mwimbaji, anasikiliza nyumba iliyokwisha kuondoka. Majina atakayoyataja yaandike, na usiku wa Ijumaa uyasomee Fatiha. Vijana wetu leo kila mmoja ana vizibo vyake masikioni, na hatujui anasikia nini. Huyu mama angalau anasikiliza kwa sauti, na mlango u wazi.

Allah awape wazee wetu mwisho mwema, awarehemu waliotangulia, wanaotajwa na waliosahauliwa, na atujaalie watoto watakaotuvumilia siku yetu itakapofika. Amin.

Wabillahi tawfiq.